Fimbo Mabegani mwa Barisa

Nilipokuwa mdogo kule Idsowe nilitolewa shule kwa sababu ya ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, ndege wakashuka kama moshi, na mama akasema masomo yatangoja lakini mpunga hautangoja. Nikapandishwa dungu. Dungu, kwa nyinyi mliozaliwa simu ikiwa mkononi, ni kichanja cha miti katikati ya shamba. Unakaa juu yake tangu alfajiri hadi ndege warudi kulala, una kombeo, una rundo la madongo, na una koo lako. Nilikuwa darasa la nne. Msimu ule ukaisha ukaja mwingine, na darasa la nne likaningoja wee, likachoka. Hadi leo sijarudi, na kama yuko mtu anayengoja nione haya kwa hilo, atangoja sana.

Nitafika kwenye mabega. Msinikimbize. Mimi nimestaafu, nyinyi ndio wenye haraka.

Kutoka juu ya dungu niliona ng'ambo ya mto, pale Waorma walipokuwa wakileta ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe walikuwa wengi hata ukingo wa mto ukabadilika rangi. Kando yao alisimama mchungaji mmoja mrefu, mguu mmoja ameukunja na kuuegemeza kwenye goti la mwingine, fimbo ameilaza nyuma ya shingo, mikono yote miwili ameitundika juu ya fimbo, viganja vinaning'inia. Alifanana na mnandi, yule ndege mweusi anayetoka majini akatandaza mbawa zikauke. Mimi nilidhani anaadhibiwa. Jioni nikamuuliza mama yule mtu amekosa nini. Mama alicheka, akasema, "Hajakosa kitu. Anapumzika."

Kesho yake nikajaribu kwa kijiti. Nikakiweka shingoni, nikatundika mikono. Ni kweli kabisa. Mgongo unajinyoosha, mbavu zinafunguka, pumzi inaingia yote. Nilipumzika vizuri hata ndege wakala mstari mzima wa mpunga, na mama akaja kunipumzisha zaidi kwa kijiti kile kile.

Basi. Kazi niliipata nikiwa kijana, kwa ufagio. Nilifagia wodi za kituo cha afya hapa Garsen, nikaosha ndoo, nikasukuma machela, na ningekufa na ufagio kama si Mzee Bakari wa Kipini. Huyu alikuwa fundi wa plasta, mtu mfupi, vidole vyake vyeupe daima kama mtu anayekanda mandazi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kipini kinachoteleza. Siku moja aliniona nimemshika mgonjwa aliyekuwa akianguka kitandani, akasimama mlangoni ananitazama, kisha akasema, "Weye una mikono. Hebu njoo huku." Nilikwenda huku, na ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Bega alinifundisha kwa vitu vya jikoni. Nyonga, alisema, ni mchi ndani ya kinu. Umezama, hautoki mpaka lori likugonge. Lakini bega ni limau juu ya kisahani cha chai. Limau kubwa, kisahani kidogo, tena kisahani chenyewe kimesimama wima. Nikamuuliza, sasa limau linashikwa na nini lisidondoke? Akaniambia kisahani kina ukingo wa gegedu unaokizunguka, unakiongezea kina kidogo. Juu ya hapo kuna mfuko mgumu unaofunika kiungo chote, halafu misuli midogo minne inatoka kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni na kulikumbatia limau kama vidole. Ndiyo hayo tu. Ndiyo maana mkono wako unafika juu kuangua embe na unafika mgongoni kujikuna, na mguu hauwezi. "Ukitaka kiungo kisichotoka," alisema, "kaombe upewe goti huko juu."

Na kuna mkao mmoja ambao bega haliupendi. Mkono juu, nje, na nyuma kidogo. Mkao wa mtu anayerusha kombeo, au polisi anayesimamisha lori. Hapo limau limeegemea ukingo wa mbele, na ukivutwa ghafla linaruka. Mkumbuke mkao huo, maana habari yangu yote inauzunguka.

Vijana mnaoingia kazini mnafikiri kurudisha bega ni nguvu. Zamani ilikuwa nguvu kweli. Mgonjwa alilazwa chini, mtu mmoja akavua kiatu akaweka kisigino kwapani, akavuta mkono, na mwingine akakaa juu ya kifua cha mgonjwa akimsomea dua. Bega lilirudi, ndiyo, na wakati mwingine lilirudi na mfupa uliovunjika juu. Mzee Bakari aliuchukia mchezo ule. Yeye alimlaza mtu kifudifudi juu ya meza, mkono ukaning'inia, akamfunga ndoo kwenye kifundo cha mkono, akamimina maji kikombe kimoja kimoja. Kisha alikaa kwenye stuli na kuanza kusimulia harusi za Kipini, nani aliiba halua, nani alikimbia na bibi wa nani. Misuli inachoka kushindana na ndoo, inasahau, na katikati ya halua unasikia kishindo kidogo. Limeingia. "Bega haliteswi," alikuwa akisema. "Labembelezwa."

Lakini kabla ya ndoo, angalieni. Bega zima ni duara. Lililotoka lina kona kama pembe ya meza. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega, muulize anakusikia. Hapo chini pana neva inayopita karibu sana na limau, na limau likitoka huweza kuikanyaga. Akisema pana ganzi, mwambie daktari kabla hujavuta kitu, maana ukisema baadaye utaambiwa ni wewe uliyemharibu. Eksirei kwanza, kama mashine inafanya kazi. Na mgonjwa akiwa amelewa, ndoo isogezwe mbali na kichwa chake. Hilo la mwisho msiniulize nililijuaje.

Aliwahi kuletwa mtu kutoka Kau, msukuma mtumbwi. Hawa husimama nyuma ya mtumbwi na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, wanauchomeka chini mtoni na kujisukuma. Upondo ukikwama kwenye tope, mtumbwi hausimami kukungoja. Unaenda, na mkono wako unabaki nyuma na juu, umeshika. Mtu mwenye akili anauachia. Lakini msukuma aliyeacha upondo umesimama mtoni huchekwa kutoka Kau hadi mto unapomwagika, na watu humrudisha nyumbani kwa nyimbo. Basi huyu bwana hakuachia. Alikuja kwetu bega liko nje na upondo uko mkononi, ule mkono mzima. Mzee Bakari akamwambia auache nje, akakataa kulala mpaka uingizwe. Chumba kilikuwa kifupi kuliko upondo. Ukaingia mlangoni ukatokea dirishani, na kuku wa jirani wakaja kukaa juu yake.

Mzee Bakari alimuuliza, kwa upole, bega na upondo kipi ni bora.

"Bega mtanirudishia nyinyi," yule mtu akasema. "Upondo ukibaki mtoni, jina langu nani atanirudishia?"

Tulicheka siku nzima. Mzee Bakari hakucheka sana. Aliniambia, mtu akija hapa, ujue amekuja na kazi yake yote. Usione bega peke yake. Niliitikia ndiyo, kama vijana mnavyoniitikia mimi.

Mzee Bakari alistaafu, akarudi Kipini, akafa kwao. Ndoo ikaondoka, sindano za kulegeza misuli zikaja. Mimi nikahamishiwa chumba cha mazoezi katika kituo chetu cha Garsen, nikiwa chini ya Madam Kadzo. Binti wa Kigiriama, babake alihamia deltani kulima mihogo na mahindi, akamsomesha kwa hayo hayo. Alikuwa amesomea viungo na alikijua alichosomea. Aliniita mzee mbele za watu, na tukiwa wawili aliniita mzee pia, lakini kwa sauti nyingine, hasa nikiwa nimekosea. Na hapo ndipo akaingia Barisa.

Barisa alikuwa Muorma wa makamo, mwembamba, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Bega lake la kulia lilikuwa likitoka na kuingia kama mpangaji. Mara ya kwanza lilitoka siku ya kuchanja ng'ombe: alimkamata fahali pembe, fahali akatupa kichwa juu, na mkono ukaenda na pembe. Baada ya hapo likawa linatoka akiinua ndoo kisimani. Kisha likatoka akivaa shati. Mwishowe alikuwa kwenye soko la mifugo hapa Garsen, akanyoosha mkono kumwonyesha mnunuzi ni fahali yupi, bega likatoka, na mnunuzi akaondoka mbio akidhani amerogwa. Barisa alikuwa amejifunza kulirudisha mwenyewe. Anakaa chini, anakunja goti, analikumbatia kwa mikono yote miwili, anaegemea nyuma polepole huku ameacha shingo ilegee. Madam Kadzo alipoiona akasema hiyo ni njia inayofundishwa kwenye vyuo. Barisa akasema yeye alifundishwa na maumivu.

Daktari wa mifupa wa hospitali kubwa ya huko kusini alimpiga picha, akatueleza. Ule ukingo wa kisahani ulikuwa umebanduka kwa mbele, na kila bega likitoka linakwaruza zaidi. Mimi nilimfafanulia Barisa kwa mpunga: jaruba lina tuta linalozuia maji, tuta likibomoka mahali pamoja, maji yatapita hapo hapo kila mara, na kila yakipita yanapanua. Barisa akasema tuta analijua, ng'ombe wake wameyakanyaga mengi.

"Na mpunga wa mama yangu wakala," nikamwambia.

"Mama yako alipanda mpunga kwenye njia ya ng'ombe."

Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kwa sababu neno hilo la mkulima na mfugaji lilikuwa limesemwa na hakuna aliyetoa panga.

Alikwenda kusini, akalazwa, akapewa nusukaputi, akafunguliwa kwa mbele ya bega. Ukingo ukashonewa mahali pake kwa vishikizo vidogo vinavyopigiliwa mfupani. Akarudi kwetu mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, na agizo: mkono usiende juu wala nje, apumzishe bega mpaka atakapoambiwa. Akaitikia yote. Na kidonda kikiwa bado kibichi rangi yake, akaletwa juu ya pikipiki, bega liko nje.

Hapo watu wakasema maneno. Daktari alikasirika kwenye simu, na ni haki yake, kazi yake imevunjwa. Akasema mgonjwa mkaidi. Kwetu mkubwa mmoja wa kituo akasema watu hawa ndivyo walivyo, hawasikii, wapasuliwe wengine wanaosikia. Neno hilo "watu hawa" hunipanda kichwani. Nimelisikia likisemwa juu ya Waorma, nimelisikia juu ya Wagiriama, na nikiwa nimebeba machela nimelisikia juu yetu Wapokomo, msemaji akidhani machela inajibeba yenyewe. Nilimjibu yule mkubwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alitaka niombe msamaha. Bado anautaka.

Barisa mwenyewe aliapa alipumzisha. Hakuna aliyemwamini. Madam Kadzo ndiye aliyevuta stuli akakaa mbele yake, baada ya bega kurudishwa na maumivu kutulia.

"Barisa, ulipumzisha mkono?"

"Nilipumzisha."

"Wapi?"

"Kwa ng'ombe. Sikushika kitu. Watoto wa ndugu yangu ndio walishika."

"Nionyeshe ulivyopumzika."

Akasimama. Akachukua fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akailaza nyuma ya shingo. Mkono wa kushoto ukapanda juu yake, ukatundikwa, kiganja kikaning'inia. Wa kulia akautoa kwenye kitambaa, ukaanza kupanda pia, juu, nje, nyuma kidogo, na jasho likamtoka usoni. Nilimdaka kiwiko kabla hakijafika.

"Hivi," akasema. "Nyinyi mlisema pumzika. Mimi napumzika hivi tangu mdogo. Nyinyi mnapumzika namna gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kiwiko cha mtu, na kichwani nikamsikia mama, ng'ambo ya miaka yote ile: hajakosa kitu, anapumzika. Ule mkao ambao bega haliupendi kuliko yote, kwa Barisa ndio ulikuwa kitanda. Aliutii ushauri wetu kwa moyo wote na ndiyo maana bega likatoka. Kama angekuwa mkaidi kweli, akaenda kuchimba kisima, pengine lingekaa.

Madam Kadzo akampigia daktari pale pale. Nitampa daktari haki yake: aliomba aelezwe tena, kisha akacheka kwa namna ya mtu anayejicheka. Akasema atamfungua mara moja zaidi. Safari hii kushona hakutatosha, ukingo umeliwa. Kwa mbele ya bega kuna kimfupa kilichojikunja kama mdomo wa kunguru. Atakikata kipande pamoja na kano yake, akipeleke kwenye ukingo wa kisahani, akikaze kwa skrubu. Kiwe tuta jipya. Lakini hili nalo likivunjwa, alisema, hatakuwa na kitu kingine cha maana cha kumfanyia.

Tulipobaki wawili, Barisa akaniambia, akitazama ukuta, kwamba kaka yake mkubwa, Guyo, ameshaamua. Bega likitoka tena, yeye Barisa atabaki kijijini Nanighi na mbuzi wa maziwa pamoja na akina mama wazee, na ng'ombe watahama bila yeye, msimu huu na yote itakayofuata. Hakulia. Alisema tu, "Mzee, mimi mbuzi sijui kuongea nao." Nilielewa. Mtu aliyezoea kutembea nyuma ya pembe mia, umweke mlangoni na kibuyu.

Akaenda, akafunguliwa, akarudi. Na mimi, kwa busara yangu yote, nikamnyang'anya fimbo nikaitupa juu ya bati la stoo. Niliona nimemaliza kazi: bila fimbo, hakuna mkao. Barisa aliitafuta, akaniangalia, akaelewa. Akatoka nje ya geti akakaa chini juani, na hakuna mazoezi aliyofanya. Nikamfuata kumbembeleza.

"Mzee," akasema, "chukua na kikoi basi, nimalize kuwa uchi."

Madam Kadzo alinipandisha ngazi mwenyewe. Alisimama chini akiishika isiyumbe, na ile sauti yake nyingine ikanifuata hadi juu ya bati. Fimbo hatumnyang'anyi, alisema. Tunaishusha. Halafu tutaipandisha pamoja naye.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, na vijana sikilizeni, kwa sababu hili hamtalikuta limeandikwa kwa ajili ya wachungaji. Wiki za mwanzo mkono ulikaa kwenye kitambaa, na fimbo ilikaa mkono wa kushoto, chini ya kiuno. Alikuwa akiinama, anaegemea fimbo kwa kushoto, na mkono wa kulia unaning'inia na kuyumba polepole kama mkia wa ng'ombe asiye na nzi. Kisha akalala chali, fimbo akaishika kwa mikono yote miwili, na ule mkono mzima ukawa unausukuma ule mgonjwa. Kwanza fimbo ilifika kitovuni. Wiki zikapita, ikafika kifuani. Ikafika mdomoni. Akina mama waliokuja na magoti yao walikuwa wakiniuliza fimbo ya Muorma leo imefika wapi, nami nawatangazia: puani. Siku ilipovuka paji la uso walipiga vigelegele, na Barisa akafunika uso kwa kilemba kwa aibu.

Kusukuma kwa nje ndiko kulikuwa na vita. Mkono hauendi nje mapema. Tuta jipya lazima lishike kwanza. Yeye alitaka kwenda, mimi nilimzuia, akaniita askari wa mpunga, nikamwita mbuzi wa Nanighi. Nikimwita hivyo alisimama sawasawa.

Kisha daktari akaagiza jambo moja. Akasema Barisa ataishi vizuri, atachunga, lakini fimbo mabegani kamwe. Maisha yake yote. Madam Kadzo alimweleza Barisa neno hilo bila kulipamba, kisha akaongeza la kwake: yeye angesema bado.

Barisa alifikiri. "Kamwe na bado si kitu kimoja. Mimi nishike lipi?"

"Shika bado."

"Mpaka siku gani?"

"Mpaka siku mkono wenyewe utakapofika kisogoni, bila fimbo, bila kusukumwa, na uso wako usijue. Na nguvu zake zifanane na za kushoto. Siku hiyo tutakupeleka kwa daktari akuone, na yeye ndiye atasema."

Nilipenda alivyosema. Hakumpinga daktari na hakumzika Barisa. Tukaongeza uzito, mipira ya kuvuta, kusukuma ukuta, kujisukuma kutoka chini. Barisa alifanya mazoezi kwa hasira. Nilikuwa nimeshaona watu wakifanya kwa woga, na wengi kwa uvivu, lakini hasira ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi. Wanaotaka mgonjwa mtulivu mimi hawanipati. Nipeni mgonjwa anayenichukia mpaka mkono wake upone.

Kisha nyika ikakauka. Ng'ombe wakaanza kupita Garsen mchana kutwa, na asubuhi moja Guyo alisimama getini kwetu, mtu mkubwa, ndevu za hina, na nyuma yake ng'ambo ya barabara kundi zima limejaza vumbi. Hakuingia. Alisema amekuja kumchukua ndugu yake au kumwacha, na ng'ombe hawawezi kusimama.

Barisa alikuwa ndani na mimi. Madam Kadzo akamwambia Guyo ukweli: mkono unaendelea vizuri sana, lakini daktari hajamwona, na miadi ya kusini iko karibu. Angoje. Guyo akasema kutoka getini kwamba ng'ombe hawana miadi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa mbaya, "Aonyeshe."

Barisa akatoka uani. Alisimama mbele ya kaka yake. Akainua mkono wa kulia, peke yake, mtupu. Ukapita bega, ukapita sikio, ukakunja, kiganja kikalala kisogoni. Nilitazama uso wake, kama Madam alivyonifundisha. Uso haukujua.

Madam Kadzo akamshika kiwiko, akakisukuma chini, yeye akazuia. Akakisukuma mbele na nyuma, Barisa akazuia. Akajaribu cha kushoto, akarudi cha kulia. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Sasa daktari." Barisa akasema ahsante. Akasema ahsante kwangu pia, na akaniambia mpunga wa mama yangu ulikuwa mtamu, ng'ombe wake walimwambia.

Kisha akachukua fimbo iliyoegemea ukuta. Akailaza nyuma ya shingo. Mkono wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukapanda, juu, nje, nyuma kidogo, ukatundikwa juu ya fimbo, na kiganja kikaning'inia. Mikono yangu ilikuwa tayari chini ya kiwiko chake, imefunguka, kama mtu anayengoja embe lidondoke. Halikudondoka. Alivuta pumzi moja ndefu.

"Barisa, ishushe," Madam akasema.

"Nitaishusha nikichoka kupumzika."

Wako waliotuuliza baadaye kwa nini hatukumzuia, na sauti zao zilikuwa zile zile za "watu hawa." Niliwajibu kwamba bega ni lake, na miguu ni yake pia. Mkitaka kumzuia mtu kama yule, nyinyi vijana, kasomeeni kazi nyingine, kuna kazi ya kufungia mbuzi.

Geti letu ni jembamba. Mlinzi akamwambia ateremshe fimbo apite. Barisa hakuteremsha. Aligeuka ubavu, fimbo na mikono na vyote, akapita kwa upande kama mtu anayeingiza mlango ndani ya nyumba, akajinyoosha ng'ambo ya pili. Guyo akampisha. Wakavuka barabara. Ng'ombe wakaanza kusogea, vumbi likanyanyuka, na katikati ya pembe nikaona viganja viwili vinaning'inia, kisha nikawa sivioni.

Miadi ya kusini ilifika ikapita. Hakurudi, si kwa miguu wala juu ya pikipiki.